Noah Webster, mwalimu wa shule aliyewapa Wamarekani Kiingereza chao

Mwanafunzi aliyefundishwa Kiingereza Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, anapofungua kwa mara ya kwanza kitabu kilichochapishwa Marekani, hukutana na maneno ambayo mwalimu wake angeyapigia mstari mwekundu. Neno colour limepoteza herufi u, centre imegeuzwa kuwa center, na defence inaandikwa kwa s mahali pa c. Tofauti hizo hazikutokana na uzembe wa wapiga chapa. Nyingi kati yake zilienea kwa juhudi za mtu mmoja, Noah Webster, ambaye kwa miaka 60 alishughulika na swali moja: je, taifa lililojitenga na mtawala wake liendelee kumngojea mtawala huyo alifundishe namna ya kusema na kuandika?

Mtoto wa mkulima

Webster alizaliwa tarehe 16 Oktoba mwaka 1758 katika eneo ambalo leo ni mji wa West Hartford, Connecticut. Wakati huo Connecticut ilikuwa mojawapo ya makoloni 13 ya Uingereza katika pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Baba yake, ambaye naye aliitwa Noah, alikuwa mkulima na shemasi wa kanisa. Shule za vijijini za zama hizo zilikuwa duni, na Webster hakuacha kuzilalamikia hata alipokuwa mtu mzima.

Kijana huyo alipoonyesha kiu ya elimu, baba yake aliweka shamba rehani ili ampeleke katika Chuo cha Yale, mjini New Haven. Aliingia chuoni mwaka 1774, kabla hajatimiza umri wa miaka 16. Mwaka uliofuata vita vya kupigania uhuru vilianza, na masomo yakawa ya kukatizwa mara kwa mara. Mwaka 1777 Webster, baba yake na ndugu zake walijiunga na askari wa kujitolea waliokuwa wakielekea kwenye mapigano ya Saratoga, lakini jeshi la Uingereza lilisalimu amri kabla wao hawajafika.

Alihitimu mwaka 1778 katika nchi iliyodhoofishwa na vita. Baba yake alimkabidhi dola 8 za noti za wakati huo, ambazo thamani yake ilikuwa imeporomoka vibaya, akamweleza kwamba hana zaidi ya kumpa na kwamba sasa ajitegemee. Baadaye mzee huyo alilipoteza shamba lenyewe kwa sababu ya deni. Elimu ya Webster, kwa hiyo, ilinunuliwa kwa ardhi ya wazazi, na huenda ndiyo sababu hakuweza kuichukulia elimu kama pambo.

Kitabu chenye jalada la buluu

Webster alisomea sheria na kuruhusiwa kufanya kazi ya uwakili mwaka 1781, lakini wateja walikuwa wachache. Akarudi kwenye ualimu, kazi aliyoianza mara baada ya kutoka chuoni. Mwaka 1782 alikuwa akifundisha Goshen, katika jimbo la New York, na huko ndiko alikoandika kitabu kilichobadili maisha yake.

Madarasa aliyoyajua yalikuwa ya chumba kimoja. Watoto wadogo na vijana wakubwa walibanana humo pamoja, na vitabu vilikuwa haba. Kitabu cha kusomea kilichotumiwa sana kilikuwa cha Mwingereza Thomas Dilworth, kilichotolewa London mwaka 1740. Mtoto wa Connecticut alijifunza kusoma kwa orodha za miji na vijiji vya Uingereza ambavyo hangeviona kamwe. Tena Dilworth aliyakata maneno kwa namna isiyolingana na matamshi. Neno nation, kwa mfano, lilisomwa kwa silabi tatu, na-ti-on, ingawa kila mtu alilitamka kwa silabi mbili.

Kitabu cha Webster kilitoka Hartford mwaka 1783, mwaka ule ule ambao Uingereza ilitia saini mkataba wa kuitambua Marekani kuwa nchi huru. Nakala za kwanza zilikuwa 5,000. Hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza ya mfululizo wa vitabu vitatu: tahajia mwaka 1783, sarufi mwaka 1784, na masomo ya kusoma kwa sauti mwaka 1785.

Mbinu yake ilikuwa rahisi kufuata. Silabi zilikatwa kama sikio linavyozisikia. Maneno mafupi yalitangulia, marefu yakafuata, na mwanafunzi hakupelekwa hatua ya pili kabla ya kuimudu ya kwanza. Tarakimu ndogo ziliwekwa ili kuonyesha irabu itamkwe vipi, jambo la msaada mkubwa katika lugha ambayo herufi moja yaweza kuwa na sauti nne au tano. Majina ya miji ya Uingereza yalipisha majina ya miji na majimbo ya Marekani. Hadithi fupi zenye mafunzo, kama ile ya mvulana mwizi wa matufaha aliyekataa kushuka mtini, zilimpa mtoto sababu ya kugeuza ukurasa.

Katika kitabu cha masomo ya kusoma, Webster aliingiza hotuba za viongozi wa mapinduzi ya Marekani, ili mtoto aliyekuwa akinyoosha matamshi yake ajifunze papo hapo nchi yake ilitoka wapi. Mwaka 1790 alichapisha pia maswali na majibu mepesi kwa watoto kuhusu Katiba, iliyokuwa imeandikwa mwaka 1787. Mtindo huo haujatoweka. Mhamiaji anayeomba uraia wa Marekani bado huulizwa maswali kuhusu serikali na historia ya nchi, na kwa kawaida hutakiwa pia kuonyesha kwamba anaweza kusoma, kuandika na kuzungumza Kiingereza.

Kitabu cha tahajia kilipewa jina la utani kutokana na jalada lake la buluu. Kiliuzwa kwa bei ndogo, kikabebwa na wachuuzi hadi mashambani, na kikaendelea kuchapishwa kwa zaidi ya karne moja. Inakadiriwa kuwa nakala zake zilifikia makumi ya mamilioni. Mashindano ya kutaja herufi za maneno, ambayo leo huonyeshwa katika televisheni na kufuatiliwa na Wamarekani wengi, yalipata nguvu katika shule na kumbi za vijiji zilizotumia kitabu hicho.

Safari za kutetea jasho lake

Wakati huo Marekani haikuwa na sheria ya taifa zima ya kulinda haki za waandishi. Mpiga chapa wa jimbo jingine aliweza kukinakili kitabu na kukiuza bila kumlipa mwenyewe hata senti. Webster alisafiri kutoka jimbo hadi jimbo akiwashawishi wabunge, huku akitoa mihadhara kuhusu lugha. Mwaka 1785 alifika Mount Vernon, nyumbani kwa George Washington, na kumpa nakala ya kijitabu chake kuhusu siasa za nchi, alimotetea haja ya serikali kuu yenye nguvu.

Sheria ya kwanza ya taifa kuhusu hakimiliki ilipitishwa mwaka 1790. Webster hakuridhika na muda uliotolewa. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alikwenda Washington kudai marekebisho, akala chakula na Rais Andrew Jackson, na mwaka 1831 Bunge likaongeza muda wa awali wa ulinzi kutoka miaka 14 hadi 28. Alipigania mapato yake, naam, lakini waandishi wote wa nchi hiyo walinufaika.

Sarufi ya nani?

Katika kitabu chake cha kwanza cha sarufi, Webster alifuata kwa kiasi kikubwa njia ya wataalamu wa Uingereza, ambao waliipima lugha yao kwa mizani ya Kilatini. Baadaye alianza kuitilia shaka njia hiyo. Mihadhara yake aliichapisha mwaka 1789 katika kitabu alichokitabaruku kwa Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa ambaye naye aliwahi kubuni alfabeti yake mwenyewe. Humo Webster alieleza kwamba kanuni za lugha hutokana na watu wanavyoizungumza, na kwamba kazi ya mwanasarufi ni kuzigundua.

Alitoa mifano. Wanasarufi walidai kwamba anayeuliza unazungumza na nani ni lazima aanze kwa whom. Webster alijibu kwamba watu husema who, na kwamba umbo jingine ni la vitabuni tu. Vilevile alitetea matumizi ya you was pale anapoambiwa mtu mmoja, kwa kuwa ndivyo walivyosema watu wengi wa siku zake, wakiwemo wenye elimu.

Wasomaji wa zama hizo hawakumwelewa, au hawakutaka kumwelewa. Kitabu cha mwaka 1789 hakikuuzika. Mwaka 1795 Lindley Murray, mwanasheria mzaliwa wa Pennsylvania aliyehamia karibu na York, Uingereza, alitoa sarufi ya kanuni kali, nayo ikaipiku ile ya Webster hata katika shule za Marekani. Wazazi walitaka watoto wao wafundishwe kauli zinazowatofautisha na watu wa sokoni. Baada ya zaidi ya karne mbili, matokeo ni ya pande zote mbili: you was inahesabiwa kosa katika Kiingereza sanifu, lakini who mwanzoni mwa swali imeshinda kabisa katika mazungumzo ya kila siku.

Herufi zilizopokelewa na zilizokataliwa

Katika tahajia, historia yake ni ya namna hiyo hiyo. Mwaka 1790 Webster alitoa mkusanyiko wa insha ambamo baadhi ya kurasa ziliandikwa kwa tahajia mpya iliyofuata matamshi. Alitamani women liandikwe wimmen, tongue liwe tung, na soup liwe soop. Watu walicheka. Hakuna mzazi aliyekuwa tayari kuona kitabu cha mtoto wake kikifanana na daftari la mtu asiyejua kusoma.

Hivyo akapunguza kasi. Katika kamusi yake ndogo ya mwaka 1806 na ile kubwa ya mwaka 1828, alichagua zaidi maumbo ambayo tayari yalikuwa yakionekana hapa na pale, baadhi yake hata nchini Uingereza. Akaandika color, honor, center na defense, na akaondoa k ya mwisho katika musick na publick. Hii ya mwisho hata Waingereza waliifuata. Maumbo ya wimmen na tung yalibaki kuwa kichekesho. Alifanikiwa pale ambapo mkono wa mwandishi wa kawaida ulikuwa tayari kuelekea, na alishindwa kila alipojaribu kuuvuta kwa nguvu.

Robo karne mezani

Webster alitangaza mwaka 1800 kwamba anakusudia kutunga kamusi. Magazeti ya wapinzani wake yalimshambulia. Kabla ya hapo alikuwa mhariri wa gazeti la kila siku mjini New York, alikotetea serikali ya Washington kuanzia mwaka 1793, na ulimi wake mkali ulikuwa umemtengenezea maadui. Wengine waliona ni aibu kuingiza katika kamusi maneno ya wakulima na wawindaji wa Marekani.

Kamusi ya mwaka 1806 ilikuwa na maneno yapatayo 37,000. Kubwa zaidi ilichukua miaka mingine zaidi ya 20. Webster na mkewe, Rebecca Greenleaf, waliooana mwaka 1789, walikuwa na familia kubwa, na fedha hazikutosha. Mwaka 1812 walihamia Amherst, Massachusetts, ambako maisha yalikuwa nafuu. Mapato ya kitabu cha tahajia ndiyo yaliyoendesha nyumba. Alifanya kazi akiwa amesimama mbele ya meza ya nusu duara iliyosheheni kamusi za lugha mbalimbali, akihama kutoka kitabu kimoja hadi kingine huku akiandika.

Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 65, alivuka Bahari ya Atlantiki pamoja na mwanawe William ili atumie maktaba ya Paris na ya Cambridge. Huko Cambridge, Januari mwaka 1825, aliandika neno la mwisho. Kamusi hiyo ya Kimarekani ya lugha ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 1828 katika juzuu mbili, nakala 2,500, ikiwa na maneno yapatayo 70,000. Yote yaliandikwa kwa mkono wake.

Katika kurasa zake msomaji alikutana na Marekani yenyewe. Mnyama skunk, mti wa hickory na supu nzito ya chowder vilipata nafasi. Maneno ya zamani yalielezwa kwa maana mpya: corn, ambayo kwa Mwingereza ilikuwa nafaka kwa jumla, kwa Mmarekani ilikuwa mahindi, store, iliyokuwa ghala, ilikuwa pia duka. Maneno kama Congress na Senate yalifafanuliwa kwa mujibu wa Katiba ya nchi hiyo. Waandishi wa Marekani, akina Washington na Franklin, walitajwa sambamba na wale wa Uingereza kama mashahidi wa matumizi bora.

Kamusi hiyo ilikuwa na kasoro zake. Webster aliamini kwamba lugha zote zimetoka katika lugha moja ya kale iliyotajwa katika Biblia, na hakuzingatia utafiti mpya wa wataalamu wa Ujerumani. Maelezo yake mengi kuhusu asili ya maneno yalikuwa ya kubahatisha, na mwaka 1864 wahariri waliyabadilisha kwa wingi. Aidha, matamshi aliyoyahesabu kuwa ya Kimarekani mara nyingi yalikuwa ya Connecticut tu.

Wanafunzi ambao hawakualikwa darasani

Ushahidi mzito zaidi wa nguvu ya kitabu cha tahajia ulitoka kwa watu waliokatazwa kusoma. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani Maryland mwaka 1818, alifunzwa herufi za kwanza na bibi wa nyumba aliyomtumikia Baltimore, kabla mume wa bibi huyo hajapiga marufuku masomo hayo. Douglass aliendelea kwa siri. Aliwapa mkate watoto wazungu maskini wa mtaani, nao wakamlipa kwa kumfundisha. Alipotaka kujua kuandika, aliyanakili maandishi ya mlazo yaliyokuwa katika kitabu cha tahajia cha Webster mpaka akaweza kuyaandika bila kutazama. Mwaka 1838 alitoroka, na baadaye akawa miongoni mwa wasemaji na waandishi mashuhuri wa Kiingereza katika karne yake.

Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, kitabu hicho cha buluu kilienea katika shule za watu walioachwa huru. Booker T. Washington, aliyekuja kuongoza shule ya Tuskegee huko Alabama kuanzia mwaka 1881, alianza safari yake ya elimu kwa nakala ambayo mama yake alimtafutia, ingawa mama mwenyewe hakujua kusoma.

Webster hakuwa amewaandikia watu hao. Mwaka 1791 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kupinga utumwa Connecticut, na mwaka 1793 aliandika kuhusu madhara ya utumwa. Hata hivyo, uzeeni aliwaona waliodai ukomeshwe mara moja kuwa wachochezi wa vurugu. Kitabu chake kilifika mbali kuliko fikra zake.

Miaka ya mwisho na urithi

Kamusi kubwa haikumtajirisha. Iliuzwa dola 20, bei iliyowashinda wengi. Ili achapishe toleo la pili, lililokamilika mwaka 1841, aliweka nyumba yake rehani, kama baba yake alivyoweka shamba. Alifariki dunia New Haven tarehe 28 Mei mwaka 1843, akiwa na umri wa miaka 84, na akazikwa katika makaburi ya Grove Street, jirani na chuo alichosoma.

Ndugu wawili wapiga chapa, George na Charles Merriam wa Springfield, Massachusetts, walinunua haki ya kamusi hiyo. Mwaka 1847 walitoa toleo la dola 6, na kuanzia hapo jina la Webster likaingia katika nyumba za watu wa kawaida. Leo jina hilo linaweza kutumiwa na mchapishaji yeyote nchini Marekani, kwa hiyo kuliona kwenye jalada si ithibati kwamba kamusi hiyo inatokana na yake.

Warithi wake walirudi kwenye hoja ile ile ya mwaka 1789. Toleo la Merriam la mwaka 1961 lilipoandika lugha kama watu walivyoizungumza, bila kukemea, wakosoaji walilishutumu kwa kuacha jukumu la kulinda lugha.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki anayejifunza Kiingereza, maisha ya Webster yana faida moja ya wazi. Color na colour ni tahajia za nchi mbili, na mwenye kujua historia hiyo huchagua moja na kuifuata bila kuona aibu kwa ajili ya nyingine. Hata hivyo, Webster hakuwahi kumwambia mwanafunzi kwamba kanuni hazina maana. Alitumia maisha yake yote kuzifundisha, herufi kwa herufi, kwa bei ambayo mtoto wa mkulima angeweza kuimudu.